Kuzoea si Nguvu

Ipo sifa moja ambayo vijana wengi huipenda kuliko sifa ya akili, nayo huinunua kwa bei kubwa kuliko karo ya shule. Katika Kibomet na mitaa mingine ya Kitale, na kutoka huko mpaka Bungoma, kila penye chungu cha busaa au chupa ya chang'aa, sifa hiyo husikika: "Huyu ni mwanamume, halewi." Msifiwa hutunisha kifua. Wenzake wameanguka, yeye angali amesimama. Ndimi zao zimekuwa nzito, wake ungali mwepesi. Hapana aulizaye kwa nini mtu huyo huyo, mwaka mmoja uliopita, alilewa kwa kikombe kimoja. Laiti wangaliuliza, sifa ingaligeuka kuwa rambirambi.

Nasema wazi, na nitaleta hoja zangu moja moja ili msomaji azipime. Mtu aliyekuwa akilewa kwa kidogo, na sasa halewi ila kwa kingi, hakupata nguvu mpya. Amepata dhara jipya. Dhara hilo limo ndani ya seli za mwili wake, mahali pasipofikiwa na jicho, na ndiyo sababu wasiojua hulisifu. Lakini elimu imekwisha kulieleza, na mwanafunzi aliyefika shule ya sekondari ana haki ya kulijua, wala hana udhuru wa kulipuuza.

Na tuanze na msingi. Mwaka 1905 mtaalamu John Langley, wa Cambridge, Uingereza, alieleza kuwa msuli una kitu chake maalumu kipokeacho nikotini ya tumbaku, na kipokeacho pia kurari, ile sumu iliyopakwa katika mishale na wawindaji wa Amerika ya Kusini. Nikotini ilipokigusa kitu hicho, msuli ulijikaza. Kurari ilipotangulia, nikotini haikuwa na la kufanya. Kitu hicho leo twakiita kipokezi. Vipokezi ni protini zilizopandwa katika utando wa seli, na kila kimoja ni mfano wa sikio lililoumbwa kusikia sauti fulani. Mwili wenyewe hutoa sauti hizo: ipo ya kutuliza, ipo ya kuamsha, ipo ya kupunguza maumivu, ipo ya kufurahisha. Kileo, tumbaku na heroini havikuleta masikio mapya mwilini. Viliyakuta masikio yakiwa na kazi yake, vikaanza kupiga kelele ndani yake.

Sasa, sikio linalopigiwa kelele bila kikomo hufanya nini? Mwaka 1957, katika jiji la London, Bernard Katz na Stephen Thesleff waliijibu hoja hii kwa msuli wa chura. Waliutia msuli asetilikolini, ambayo ndiyo sauti ya mshipa wa fahamu unapouamuru msuli ujikaze. Kwanza msuli uliitika. Kisha, ijapokuwa asetilikolini ilikuwa bado ipo pale pale, mwitiko ulipungua ukafifia. Walipoiondoa na kungoja, usikivu ulirudi. Dawa haikuharibika wala haikuisha. Kilichobadilika ni msikilizaji.

Wataalamu waliofuata walichungulia zaidi ndani ya seli. Miongoni mwao ni Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, Wamarekani waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya jamii moja kubwa ya vipokezi, jamii ambayo ndani yake kimo kipokezi cha mofini na heroini. Kwa juhudi zao na za wenzao twajua kuwa seli hujikinga kwa hatua. Katika muda wa sekunde na dakika, seli hukibandika kipokezi alama za fosfati, na protini iitwayo arestini huja ikakalia alama hizo, ikaziba njia ya ujumbe. Kelele ikiendelea, kipokezi chenyewe huvutwa ndani ya seli; huko vingine hutengenezwa vikarudishwa utandoni, na vingine huvunjwavunjwa. Kelele ikidumu siku na majuma, seli huweza hata kupunguza kuviunda vipokezi vipya.

Mfikirie mtu ambaye jirani yake amejenga mashine ya kusaga mahindi ukutani pa nyumba yake, nayo hunguruma mchana kutwa. Siku ya kwanza atajiziba masikio kwa viganja. Juma la pili atafunga dirisha. Mwezi wa tatu atachukua matofali na udongo alizibe dirisha lisiwepo tena. Mpita njia atasema, "Bwana huyu ni hodari, kelele haimsumbui." Naam, haimsumbui, lakini je, atamsikia mtoto wake akilia uani? Atasikia hodi ya mgeni? Dirisha lililozibwa halichagui sauti ya kuzuia.

Hapo ndipo ulipo msiba wa mtu asiyelewa. Vipokezi alivyovichosha kwa kileo au kwa heroini ndivyo hivyo hivyo ambavyo mwili wake ulivitumia kupokea utulivu wake wa kila siku, usingizi wake, na furaha yake ya chakula, ya wimbo na ya mpira. Sauti hizo ni za upole. Hazikuumbwa kushindana na mashine ya kusaga. Basi kijana huyo huanza kusema kuwa dunia imekuwa chapwa, nyumbani hapakaliki, masomo hayana ladha. Dunia haikubadilika. Yeye ndiye aliyejiziba dirisha.

Labda msomaji atasema kuwa haya ni mahubiri tu ya kuwatisha walevi. La, hasha. Seli haijui dhambi wala thawabu. Husikia au huacha kusikia, basi. Chukua matone ya kuzibua pua yanayouzwa katika maduka ya dawa. Asubuhi za Kitale ni baridi, mafua hayakosekani, na matone hayo huifungua pua kwa dakika chache. Lakini karatasi iliyomo ndani ya pakiti huonya kuwa yasitumiwe zaidi ya siku chache. Kwa nini? Kwa sababu mishipa ya damu ya puani huyazoea. Matone hufungua kwa muda mfupi na mfupi zaidi, na mwisho pua huziba kwa sababu ya matone yenyewe. Hapana amsifuye mtu kwa kuwa na pua sugu. Mbona basi twamsifu mwenye ubongo sugu?

Turudi kwenye pombe. Ubongo ni kama gari: una kitu cha kuuharakisha na una breki. Sauti kubwa ya kuharakisha huitwa glutamati, na sauti kubwa ya breki huitwa gaba. Kileo huikaza breki na papo hapo hupunguza mwendo. Ndiyo maana mlevi mgeni husinzia, huyumba, na husahau. Vipokezi hivi ni vya jamii nyingine, si ile ya Lefkowitz, lakini kawaida ya kujikinga ni ile ile. Mtu akinywa kila siku, ubongo wake hutafuta usawa: huidhoofisha breki na huiongezea nguvu mashine ya mwendo. Na hapo ndipo wenzake husema, "Halewi." Wangalijua, wangalisema, "Breki zake zimelegea."

Mtu wa aina hii ana usawa maadamu kileo kimo ndani ya damu. Kiondoe ghafula, na gari hilo lisilo na breki huwa limeachwa juu ya mteremko wa Kamatira, katika njia ya kutoka Kapenguria kwenda Lodwar. Mikono hutetemeka asubuhi, jasho hutoka, moyo hupiga mbio. Walio katika hali mbaya zaidi hushikwa na kifafa, huona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa, aghalabu katika siku chache za kwanza. Zingatia neno hili, kwa maana linaweza kuokoa roho ya mzazi au ya ndugu yako: mnywaji mkubwa wa miaka mingi asifungiwe chumbani peke yake ili "pombe imtoke." Apelekwe hospitali, ambako ziko dawa za kumteremsha pole pole. Wapo watu wenye nia njema ambao huua kwa kufuli.

Hoja yangu ya pili ni kwamba uzoefu huo wenyewe ni wa uongo. Viungo vya mwili havizoei pamoja wala kwa kasi moja. Mtu asiyelewa ulimi wake ana kileo kile kile katika damu, na kwa kuwa hunywa zaidi ili asikie alichokuwa akisikia zamani, ana kingi kuliko wote walioanguka. Ini halina habari ya sifa zake. Hupokea kila kikombe na kuharibika kimya kimya. Mwendesha bodaboda aliyezoea kunywa aweza kushika usukani wake barabara katika njia anayoijua. Lakini ng'ombe akikatiza barabara ghafula, hapo akili inapotakiwa kuamua jambo jipya kwa kufumba na kufumbua, kileo hujionyesha. Yeye alidhani halewi. Abiria wake alidhani vivyo hivyo.

Tena kuna sumu ambazo hakuna mazoea yawezayo kumkinga mtu nazo. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, na wengine waliponea chupuchupu wakiwa vipofu. Methanoli ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Haikuuliza nani mgeni wa pombe na nani mkongwe. Kwa kweli, mkongwe alikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kikombe kimoja hakikumtosha.

Nani basi anufaikaye na sifa hii? Fanya hesabu. Mteja alewaye kwa kikombe kimoja hununua kimoja. Mteja asiyelewa hununua vitano. Muuzaji mwerevu hatapoteza fedha kwa matangazo, maana vijana wenyewe wamekuwa matangazo yake, tena bila mshahara. Kila wanapomwambia mwenzao "halewi", wamemwongezea muuzaji mauzo na mwenzao deni. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini asali hubaki tamu kila inapochovywa. Kileo hupungua utamu kila kinapochovywa, na mchovyaji huzamisha mkono zaidi na zaidi akitafuta ladha ya siku ya kwanza, ambayo hairudi.

Najua nitajibiwa kuwa babu zetu walikunywa. Wabukusu walikaa kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mzee na mrija wake mrefu, na hapana aliyewafundisha habari za vipokezi. Ni kweli. Lakini mwenye kuwataja wazee na ataje desturi yao yote, asichague mrija akaacha mengine. Busaa ya wimbi na mahindi ni pombe ya kuchachushwa tu. Chang'aa ni mvuke uliokusanywa na kupozwa, na nguvu yake ni mbali sana. Chungu kilikuwa cha wazee, si cha watoto wa shule. Kilikuwa na siku zake, kama vile siku za mavuno na za tohara, na kati ya siku hizo seli zilipata nafasi ya kurudisha usikivu wake. Na hata hivyo walikuwako walevi, nao hawakuitwa mashujaa. Kijana anayekunywa chang'aa nyuma ya ukuta siku ya Jumanne hafuati desturi ya mtu yeyote.

Wengine hujitetea kwa sheria. Kenya iliipiga chang'aa marufuku mwaka 1980, na mwaka 2010 sheria mpya iliondoa marufuku ile ikaweka masharti, likiwamo la kutomuuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Lakini seli haisomi gazeti la serikali. Ubongo wa kijana huendelea kujengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na waanzao kunywa wakingali watoto huangukia utumwa wa pombe kwa wepesi kuliko waanzao wakiwa watu wazima. Jengo ambalo saruji yake haijakauka halichezewi.

Hoja yangu ya mwisho ni juu ya wale walio upande wa pili, ambao hawasifu bali hulaani. Wakati msifiwa wa jana anapokuwa mtumwa wa leo, watu wale wale hugeuka wakasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hii yamfaa mkaidi anayekataa shauri, lakini wakiitumia juu ya mraibu, wanageuza maradhi kuwa hukumu. Sikio lake halikuzaliwa limekufa. Limetiwa uziwi na kelele, tena kelele ambayo wengine waliipigia makofi. Na uziwi huo, kama alivyotuonyesha chura wa Katz, waweza kupungua.

Wenye shaka na watazame pwani yetu. Heroini iliingia Mombasa, Malindi na Lamu miaka mingi iliyopita, ikakausha nyumba nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kuwatibu waraibu kwa methadoni, na mwaka 2015 tiba hiyo ikafika Malindi. Methadoni hukalia kipokezi kile kile cha heroini, lakini huingia pole pole na hudumu zaidi ya siku nzima. Hairudishi usikivu wote mara moja. Huondoa mashine ya kusaga na mahali pake huweka sauti moja iliyo sawa, ili mgonjwa apate kulala, kufanya kazi na kuishi na watu wake. Watu walioitwa maiti wametibiwa wakarudi kazini.

Na yapo mauti yatokanayo na kutojua jambo hili. Mtu akiacha heroini kwa majuma kadhaa, labda kwa sababu amefungwa gerezani, vipokezi vyake huanza kurudisha usikivu. Akitoka, akarudia kipimo chake cha zamani akidhani yu yule yule, kipimo alichokizoea humzimisha pumzi. Majuma mawili ya kwanza baada ya kifungo ndiyo ya hatari kuu. Basi mtu huyo hakufa kwa kuwa sikio lake halikusikia dawa. Alikufa kwa kuwa lilianza kusikia tena, na hapana aliyemwambia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa kila dawa inywewayo kwa muda mrefu huziba seli. Ziko dawa nyingi ambazo mgonjwa huzinywa maisha yake yote na hufaa mpaka mwisho. Aliyepewa dawa na daktari asiiache kwa sababu ya insha hii, bali amwulize daktari wake. Wala msilichanganye jambo hili na vijidudu visivyosikia dawa za kuviua. Huko aliyebadilika ni kijidudu. Huku aliyebadilika ni wewe.

Vijana wenzangu wa shule, sifa ni yenu kutoa na yenu kunyima. Muuzaji hawezi kuitoa, kwake mngaliishuku. Wazazi hawawezi kuinyima, hawapo inapotolewa. Mpo ninyi. Basi siku mtakaposikia mwenzenu akisifiwa kuwa halewi, msicheke na msipige makofi. Mwulizeni kando, kwa upole, swali moja: tangu lini? Mwulizeni analala vipi, na mikono yake ikoje asubuhi. Na ikiwa inatetemeka, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa mwalimu anayemwamini, kwa mzazi, au hospitali, upesi.